Upana wa Betri Mbili

Ukimtaja Ishigami Yoshinobu pale Shizuoka, watu hukumbuka sauti yake kabla ya sura. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitonge vya samaki, vile vyeusi, bapa, vya dagaa, na tangu ujana alisimama sokoni mbele ya kibanda cha baba yake akiita wateja. Sauti ile ya soko alirudi nayo hadi nyumbani. Kabla hajafungua kinywa kusema habari za asubuhi, mkewe Hisako alikuwa keshafunga dirisha la upande wa jirani.

Ukiondoa samaki na sauti, vilivyobaki ni vifaru. Vifaru vya vita, vya plastiki, alivyoviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi kwenye chumba kidogo juu ya kibanda, ambako harufu ya rangi na harufu ya dagaa zilikuwa zimeshazoeana. Kwetu hilo si jambo la kumshangaza mtu. Kinyozi anaunganisha ndege, daktari wa meno anaunganisha meli, na nusu ya mji imewahi kufanya kazi katika viwanda vinavyotengeneza maboksi ya vipande hivyo vya kuunganisha, au ina shangazi aliyewahi. Lakini wengi hukusanya kwa ajili ya uzuri. Ishigami alikusanya ili alinganishe.

Alianza akiwa mtoto, kwa hasira. Kwenye vitabu vya picha vifaru vyote hutoshana, kwa sababu kila picha hujaza ukurasa wake. Yeye alitaka kujua kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo, na kimezidi kiasi gani. Basi akaamua kwamba kila atakachounganisha kiwe cha kipimo kimoja tu, moja kwa thelathini na tano: kila sentimita thelathini na tano za chuma cha kweli ziwe sentimita moja ya plastiki. Akavipanga rafuni bega kwa bega, na siku hiyo ndipo alipoona kwa macho yake kwamba kifaru alichokwenda nacho vitani babu yake, kile ambacho babu alikisimulia kama nyumba inayotembea, kilikuwa kinafika mabegani mwa kifaru cha Warusi, na hapo kimejitutumua.

Kila Mei, vyama vya waunganishaji kutoka nchi nzima vinapokuja mjini na meza zao, yeye alitoa vyake vyote na kuvipanga mstari mmoja mrefu, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Watu wakauita Gwaride la Ishigami. Watoto waliinama wakaweka jicho usawa wa meza ili wayaone yale majitu ya mwisho yakiwafunika wadogo. Kipimo kingine hakikuruhusiwa kukanyaga pale. Mfukoni mwa aproni alikuwa na kipimio cha chuma chenye taya mbili, na mtu akileta kifaru kuomba nafasi, kilipimwa kwanza, mbele ya watu, na majibu yalitangazwa.

"Mezani kwetu saizi haidanganyi!" alikuwa akipaza sauti, na ukumbi mzima ukajua Ishigami amepima kitu.

Rafiki yake Terada, yule kinyozi wa ndege, alikuwa na maneno yake kuhusu hilo. "Huyu bwana," aliwaambia wageni, "siku ya harusi alimpima kwanza bibi harusi. Alipoona ni moja kwa moja, ndipo akaoa."

"Na wewe," Ishigami alimjibu, "ungepima nywele kabla ya kukata, wateja wako wasingevaa kofia."

Kulikuwa na kifaru kimoja tu katika gwaride lile ambacho hakikuwahi kuingia kwenye taya za kipimio. Kilisimama katikati ya mstari: kifaru cha jeshi letu, kile cha mwaka wa sitini na moja, ambacho watu hukiita tu Sitini na Moja. Baba yake alimnunulia alipokuwa na miaka tisa, siku walipotoka kwenye maonyesho ya jeshi chini ya Mlima Fuji, pale ambapo vifaru vya kweli vilipita mbele yao na mtoto akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kilikuwa cha mota. Kiliwahi kupanda juu ya vitabu vya shule na kuanguka upande wa pili. Gundi ilikuwa imechuruzika, na kwenye rangi ya ubavuni alama ya kidole gumba cha baba yake ilionekana bado. Kile alikiweka pale bila kukipima, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka huo ninaousimulia, Jumamosi mchana, ukumbi ukiwa umejaa, alikuja mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzeeni, amebeba kitu kwenye kitambaa cha zambarau kilichofungwa fundo juu. Alikuwa Bi Fusae Urano. Mumewe alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita. Terada, aliyekuwa akimnyoa marehemu hadi siku zake za mwisho kitandani, ndiye aliyemwalika: "Mlete mzee wako gwarideni." Na alikuwa amemwambia Ishigami kwamba kuna mjane ataleta kifaru, naye Ishigami akaitika, huku akichambua dagaa, na pengine hakusikia zaidi ya hapo. Saa hiyo Terada mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kununua chakula.

Bi Fusae alifungua fundo polepole. Ndani kulikuwa na Sitini na Moja, kimepakwa rangi nyeupe ya theluji, na mgongoni kimebebeshwa maturubai na vikapu vidogo vilivyofinyangwa kwa mkono. Ilikuwa kazi nzuri. Ishigami aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Marehemu ndiye aliyekianza," alisema Bi Fusae. "Mikono ilipoanza kutetemeka, nikamalizia mimi. Rangi nimepaka kwa brashi yangu ya kuandikia. Alisema siku moja angetaka kisimame kwenye meza hii."

"Karibu sana, Mama. Karibu. Ila kwetu kuna desturi kidogo." Akatoa kipimio.

Watu walisogea. Wengine walikuwa wamesikia habari za desturi hiyo na walitaka kuiona. Ishigami alizileta taya ubavuni mwa kifaru, moja kushoto, moja kulia, akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Mama," alisema, "hiki ni kinene."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Lakini kicheko kwa mtu wa soko ni mteja aliyegeuza shingo, na kwa maisha yake yote Ishigami hakuwahi kumwacha mteja aliyegeuza shingo akapita.

"Kinene haswa! Huyu amekula vitonge vyangu!" Sasa walicheka wengi. "Kimezidi milimita saba! Mnajua ni kiasi gani kwenye kifaru chenyewe? Robo mita! Humo ndani askari wangeweza kumpangishia mtu chumba!"

Bi Fusae naye alitabasamu, kama mtu anavyotabasamu anapochekwa hajui kwa lipi.

"Aliyekiunganisha alichanganya vipimo," Ishigami alitangaza.

"Ni mume wangu."

"Basi mzee wako alikosea kupima, Mama. Utuwie radhi. Mezani kwetu saizi haidanganyi!"

Mama yule aliinama. "Samahani kwa kuwasumbua," alisema. Akaiweka kazi yake juu ya kitambaa, akakunja pembe, akafunga. Fundo lilimfunguka mikononi, akalifunga tena. Akainama mara nyingine, kwa Ishigami, kisha kwa watu waliokuwa wamecheka, akaondoka akikibeba kifurushi kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Ishigami alikuwa keshageukia mtoto aliyetaka kujua kifaru kipi ni kizito zaidi.

Terada alirudi na maboksi mawili ya tambi.

"Bi Fusae amefika?"

"Amefika na ameondoka. Kifaru chake hakikufaa. Kimezidi milimita saba, fikiria! Nikamwambia mzee wake alikosea kupima."

Terada hakuketi. "Umemwambia nani alikosea kupima?"

"Si huyo mumewe."

"Urano?" Terada aliyaweka maboksi chini. "Umesimama hapa, na hiyo tarumbeta yako, ukasema mbele ya watu kwamba Urano hakujua kupima? Urano alikuwa mchonga kalibu, wewe, zile za chuma zinazomiminiwa plastiki. Kile kiwanda cha zamani cha mtoni, kile kilichofungwa, kalibu zake zilitoka mkononi mwake. Hicho alicholeta mkewe kimetoka kwenye kalibu aliyoichonga yeye mwenyewe."

Ishigami alihisi joto likianzia shingoni. "Mimi sikujua. Lakini kimezidi, Terada. Kipimio kimesema."

"Mimi ni kinyozi, sijui kipimio chako kimesema nini. Ninachojua ni kwamba kwa furaha ya kuja hapa, yule mama jana hakulala."

Tambi zilipoa. Jioni, wakati wa kufunga, wanachama walitandaza mashuka juu ya meza kama ilivyo kawaida. Ishigami alisogeza vifaru vya katikati ili shuka lisinase kwenye mizinga, na mkono wake ukakishika Sitini na Moja chake. Kidole kiligusa mfuniko mdogo wa nyuma. Skrubu mojawapo kati ya zile nne za plastiki ilikuwa imekaa upande kidogo, kama jino lililoota vibaya. Alikuwa ameijua skrubu ile tangu utotoni. Na mchana ule ule alikuwa ameiona ile ile kwenye kifaru cha Bi Fusae, chini ya rangi nyeupe.

Alisimama na shuka mkononi. Kisha akatoa kipimio.

Taya zilikataa pale pale zilipokataa mchana. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Milimita saba. Akakigeuza kifaru tumbo juu. Palikuwa na kile kifuniko ambacho ukucha wake wa miaka tisa ulikifungua kila siku hadi kikalegea. Alikifungua. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya betri, ubavu kwa ubavu, na springi zake zimeota kutu ya kijani.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Betri za wakati ule zilikuwa nono, mbili hazikutosha kulala pamoja kwenye tumbo la saizi ya haki, na kifaru kisichotembea hakuna mtoto angekitaka. Kiwanda kilikipanua kifaru ili betri zilale. Boksi likaandikwa moja kwa thelathini na tano vilevile, na Urano akachonga alivyoagizwa. Mtu yeyote aliyekuwa mtoto miaka ile angeweza kulijua hilo, kama angewahi kupima kitu alichokipenda.

Miaka yote hiyo kilikuwa kimesimama katikati ya gwaride, kinene, na yeye pembeni yake anapiga kelele kwamba saizi haidanganyi.

Nyumbani hakula. Hisako aliliona bakuli lake limejaa akaliondoa bila kuuliza, kisha akarudi akauliza.

"Baba Mika, leo mbona nasikia saa ya ukutani?"

Akamsimulia. Alisimulia chini chini hata ikabidi mkewe asogeze kichwa. Alipofika pale kwenye askari kupangisha chumba, alishindwa kuendelea, na Hisako hakumsaidia.

"Ulisema hivyo? Mbele ya mjane?"

"Watu walikuwa wanacheka."

"Ndiyo. Na wewe ukawaongezea." Alifuta meza. "Kesho asubuhi mapema uende kwake. Uvae koti. Na upeleke boksi la kitu kitamu kutoka dukani. Usije ukampelekea vitonge."

Asubuhi alikwenda, amevaa koti, na boksi la keki za maharage limefungwa karatasi ya duka. Njiani alikuwa akiyarudia maneno, na kila aliporudia yalikuwa machache zaidi. Nyumba ya Bi Fusae ilikuwa imefungwa. Alibonyeza kengele, akangoja, akabonyeza tena, na aliposikia mwenyewe jinsi alivyofurahi kwamba hakuna mtu, aliona haya peke yake pale mlangoni, mbele ya vyungu vya maua. Akaenda ukumbini na boksi lake.

Bi Fusae alikuwa pale kabla yake. Amesimama mbele ya meza, nguo zile zile za jana, macho mekundu, na vidole viwili vimefungwa plasta. Kifurushi cha zambarau kilikuwa mikononi. Terada, nyuma ya meza, alikuwa akimimina chai na hakuinua macho.

Ishigami aliinama, akafungua kinywa, lakini mama aliinama chini kuliko yeye na kuanza kusema kwanza.

"Jana nilikuletea aibu mezani kwako, Bwana Ishigami. Nimekirekebisha. Tafadhali kipime tena."

Alifungua kitambaa. Kifaru cheupe kilikuwa kimepasuliwa kwa msumeno, kutoka mbele hadi nyuma, ukanda wa katikati umetolewa, na nusu mbili zimeunganishwa tena. Kichwa cha mzinga tu ndicho kilichobaki kizima. Mshono ulipita katikati ya rangi ya theluji, wa kijivu, gundi yake haijakauka vizuri, na mfuniko ule wa nyuma wenye skrubu iliyoota vibaya ulikuwa umekatika, skrubu yenyewe haipo.

"Nimetumia vifaa vyake," alisema Bi Fusae. "Msumeno wake ni mkali, sikuujua. Nilifikiri hivi: watu wengi walikuwepo jana. Wataondoka wanasema Urano hakujua kupima, na yeye hana tena mdomo wa kujitetea. Nikasema, wakikiona leo kimekaa sawa, labda watasahau ya jana." Akakisogeza. "Tafadhali."

Milango ya ukumbi ilikuwa imefunguliwa na wageni wa kwanza walikuwa wanaingia. Wanachama wa meza za jirani walisimama na vikombe vyao. Ishigami alitoa kipimio, kwa sababu mama alikuwa anangoja na yeye hakujua la kufanya na mikono yake. Akazileta taya. Zilifunga taratibu, zikagusa plastiki huku na huku, zikatulia. Hakuna alichowahi kukipima kilichokaa sawasawa kama kile.

"Kimefika kipimo," alisema.

"Kweli?"

"Kimefika kabisa."

Uso wa Bi Fusae ulifunguka. Alifunika mdomo kwa mkono wenye plasta akacheka, machozi yakiwa karibu. "Kimefika," alisema, si kwa Ishigami, bali kwa mtu ambaye hakuwepo. "Umesikia? Kimefika."

Na hapo mambo yangeweza kuishia. Ishigami aliliona hilo waziwazi, kama mlango ulioachwa wazi. Mama angekwenda nyumbani na furaha yake, kifaru kingesimama gwarideni, na hakuna mtu duniani angepata sababu ya kukigeuza Sitini na Moja kingine na kufungua tumbo lake. Alijiambia kwamba kumwambia sasa kungekuwa kumwonea mara ya pili. Alijiambia kwamba kunyamaza ni huruma. Kisha akaona huruma hiyo ilikuwa ya kumwokoa nani, na masikio yakamwiva.

Alikichukua kifaru chake kutoka katikati ya mstari.

"Bi Urano," alisema, "hukukosea. Wala mumeo hakukosea." Akakigeuza tumbo juu, akafungua kifuniko. "Hiki ni changu. Kimetoka kwenye kalibu ile ile. Nacho ni kinene vilevile, milimita saba zile zile. Sikuwahi kukipima hadi jana jioni. Ni kwa sababu ya betri, Mama. Ilibidi mbili zilale pamoja. Mumeo aliagizwa aache nafasi."

Bi Fusae alikipokea. Aliingiza vidole vyake viwili vyenye plasta kwenye vile vitanda viwili, vikaingia. 

"Wanene hawa," alisema.

"Unasemaje, Mama?"

"Alikuwa akirudi kazini anakaa kula, anatikisa kichwa, anasema, 'Wanene hawa. Wanene hawa, leo tena wamenifanya niwaongezee nafasi.' Miaka mingapi." Aliinua macho. "Mimi nilidhani ananisema mimi."

Terada alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko, akaimeza. Mama hakucheka. Alikuwa ameangalia kifaru cheupe, ule mshono, na uso wake ulikuwa unajifunga taratibu kama ulivyokuwa umefunguka.

"Kwa hiyo kilikuwa sawa," alisema. "Kama alivyokichonga, kilikuwa sawa. Na mimi nimekikata."

Ishigami aliinama hata paji la uso likagusa ukingo wa meza. "Samahani," alisema. "Samahani sana. Ni mimi. Ni kosa langu. Samahani." Maneno yote aliyoyaandaa njiani yalikuwa yamekwisha kuwa hilo moja.

"Bwana Ishigami."

"Naam."

"Mbona unaongea chini chini?"

Paji lake lilibaki ukingoni mwa meza.

"Jana nilikuwa nimefika mlangoni bado nakusikia. Kwenye ngazi nakusikia. Nimepanda basi, bado nakusikia." Hakuwa na hasira sautini, alisema kama mtu anayeomba chumvi. "Hilo ulilolisema sasa hivi, liseme kwa sauti ya jana."

Ishigami alinyanyuka. Aliwaangalia watu. Baadhi yao walikuwa wale wale wa jana, aliwatambua, na yule aliyecheka wa kwanza alikuwepo, amevaa kofia ya buluu. Alivuta pumzi kutoka tumboni, kama alivyofundishwa na baba yake mbele ya kibanda, na kilichotoka kilikuwa kama mlango wenye kutu.

"Kifaru cha Bwana Urano... hakikuwa na kosa."

"Mlangoni hawajasikia," alisema Bi Fusae.

Basi akapaza. "Kifaru cha Bwana Urano hakikuwa na kosa! Nimekosea mimi, Ishigami! Kinene ni changu, na nimekisimamisha hapa miaka yote bila kukipima! Bwana Urano alijua kupima kuliko sisi sote!"

Ukumbi ulinyamaza hadi kwenye meza za ndege. Mtu mmoja alipiga kofi mara moja, akaona hakuna wa kumfuata, akaacha. Mwenye kofia ya buluu alivua kofia yake akawa anaitazama kwa ndani.

Ishigami alinyoosha mkono akiondoe kifaru chake mezani, lakini mama alimzuia.

"Kiache. Viweke viwili pamoja. Wewe si unapenda kulinganisha?"

Vikakaa viwili, bega kwa bega: kimoja kizima na kinene, kingine chembamba, cha kipimo cha kweli, chenye kovu. Kwa siku nzima, kila aliyepita alisimama hapo hapo na kuuliza swali lile lile, mbona hivi ni aina moja na havitoshani. Terada alikuwa amemletea Bi Fusae kiti, mama akaketi kando ya meza na boksi la keki za maharage mapajani, akawa anakula moja moja. Ishigami alieleza. Alieleza habari za betri, za kalibu, za msumeno, za maneno yake mwenyewe. Aliposhusha sauti, mama aliacha kutafuna. Hakumwangalia, aliacha kutafuna tu. Basi Ishigami alipandisha tena, akafika mwisho, jasho likimtiririka ndani ya koti ambalo hakuthubutu kulivua.

Wakati wa kufunga, alichukua kile kinene, akakifuta vumbi kwa kona ya koti, akapitisha kidole juu ya alama ya gumba la baba yake. Kisha akakiweka juu ya kitambaa cha zambarau.

"Hiki ndicho kilichobaki kama alivyokichonga," alisema. "Kaa nacho."

Kwetu mtu akipewa zawadi hukataa. Hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, ndipo hupokea, hata kama ni tunda moja. Ishigami alikuwa amesimama tayari, akingoja kusisitiza. Bi Fusae hakukataa hata mara moja. Alikunja pembe za kitambaa, akafunga fundo, safari hii likashika, akasema asante, akaondoka nacho mbele ya tumbo.

"Na hiki?" Ishigami alimwita nyuma, akikionyesha cheupe.

"Hicho si cha kipimo chenu?" alijibu mama bila kusimama. "Kibaki gwarideni."

Kipo hadi leo, katikati ya mstari, nafasi ile ile. Gundi ya mshono imekuwa ya njano kidogo. Ishigami amezeeka, kibanda amemwachia Mika, na hajawahi tena kuwatangazia watu kwamba saizi haidanganyi. Anayeleta kifaru siku hizi hukipima mwenyewe, kwa kipimio kilichowekwa mezani kwa kamba. Lakini kila Mei kuna mtu atakayeinama, aweke jicho usawa wa meza, na kuuliza lile kovu ni la nini. Hapo Terada husogeza kiti chake nyuma kidogo kupisha, na Ishigami, masikio yakiwa yameshaanza kuwaka, huvuta pumzi na kueleza yote tangu mwanzo, kwa sauti ya kufika mlangoni.